Kenchi Kumi na Nane

Vijana wa karakana, mmeniomba niandike nilivyoanza kazi hii ya kufundisha useremala na ujenzi, na nimechelewa kwa sababu moja tu: siiamini sana kumbukumbu yangu. Madaftari ninayo, ni kweli. Lakini madaftari yenyewe niliyaandika mimi, mtu wa darasa la nane, na mtu huyo namfahamu. Mara nyingine aliandika jioni kile alichotamani kiwe kimetokea mchana. Kwa hiyo pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika, na pale mwingine alipokuwa na haki kuliko mimi nitasema hivyo, hata kama amekwisha kufa na hawezi kunikumbusha.

Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Vyeo vyangu vyote vinaenea kwenye mfuko wa shati.

Useremala nilijifunza Ngara, katika karakana ya misheni, kwa Fundi Yakobo, Mhangaza mrefu mwenye vidole vinane. Viwili vilikwenda na msumeno wa mashine alipokuwa kijana, naye alisema hivyo viwili ndivyo vilivyomfundisha, hivi vinane vinapokea chakula tu. Mwezi mzima wa kwanza sikushika randa. Nilifagia maranda. Kila asubuhi ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukaingia mlangoni bila kubisha, na Fundi Yakobo akafanya kazi humo humo ndani yake. Humwoni. Unasikia randa inakwenda, inarudi, inakwenda. Halafu sauti inatoka kwenye ule weupe: "Njoo unuse."

Nanusa kipande cha mbao.

"Mti gani?"

"Mninga, Fundi."

"Nusa tena."

"Mninga."

"Mvule huo, mjukuu wangu. Kafagie."

Nilikaa kwake miaka minne, na nikitaka kuwa mkweli, siku hizo nazikumbuka kama mtu anayekumbuka ndoto: harufu ipo, sauti ipo, lakini siwezi kuwaambia nini kilitangulia na nini kilifuata. Nilipata cheti cha jaribio la ufundi, nikashuka Biharamulo kutengeneza madawati ya shule moja ya sekondari ya bweni. Ilikuwa kazi ya wiki tatu. Ikatokea kwamba mwalimu wao wa ufundi amehamishwa na hakuna mwingine. Mwalimu Mkuu, ambaye alikuwa mtu wa historia, alikuja akasimama nyuma yangu nikichonga mguu wa dawati, akaniuliza, "Unaweza kumwonyesha mtu mwingine unachofanya?" Nikasema sijui, sijawahi kujaribu. Akasema hilo ndilo jibu alilokuwa analitafuta. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Siku ya kwanza niliingia darasani wakasimama vijana kumi na wanane, kidato cha tatu, kaptula zimepigwa pasi kwa kulaliwa chini ya godoro. "Shikamoo Mwalimu!" Nikageuka kutazama nyuma kama kuna mwalimu ameingia.

Nilichora paa ubaoni. Kenchi ni nini, nikawaeleza: ni ile pembetatu ya mbao inayobeba bati, ina mbao moja ya chini inayolala juu ya kuta na mikono miwili inayopanda kukutana katikati. Mteremko wake, nikasema, ni kipimo kimoja kwenda juu kwa kila viwili vya kwenda pembeni. Kijana mmoja akauliza hiyo ni digrii ngapi. Sikujua. Kwa mkono nilijua, kwa jicho nilijua, lakini digrii hazikuwahi kufika kwa Fundi Yakobo. Kwenye dirisha la nyuma akasimama kijana mwembamba, akasema taratibu, "Ni ishirini na sita na nusu, Mwalimu, na kidogo."

Nikasema, "Ndiyo," kana kwamba nilikuwa namjaribu.

Huyo ndiye Gervasi, Mhangaza wa Ngara, na uongo wangu wa kwanza darasani nilimwambia yeye. Kwa upande mwingine, kuanzia siku hiyo nilijifunza digrii. Nilijifunza kwa madaftari yao wenyewe, niliyokuwa nikiyakusanya eti kwenda kusahihisha.

Karatasi za kuchorea hatukuwa nazo. Tulipasua mifuko ya saruji, tukaipangusa, tukachora upande wa ndani. Ukichora, vumbi la saruji linatoka kidogo kidogo kwenye karatasi, na jua la saa nne likiingia dirishani unaona chumba kizima kinaelea. Mara moja niliwaambia kila mtu achore ramani ya nyumba ya kwao. Wengi walichora nyumba za mstari, zile za kijiji cha ujamaa, vyumba viwili na veranda. Gervasi akachora duara.

"Hii nini, sufuria?" akauliza Masanja, aliyekaa naye dawati moja, mtoto wa wahamiaji wa Shinyanga.

"Nyumba ya bibi yangu."

"Kitanda mnakipinda?"

Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Nikamwuliza nyumba isiyo na kona ataipimaje. Akasema, "Kijiti kimoja katikati na kamba moja, Mwalimu. Kila kitu unakipima kutoka pale kwenye kijiti." Nilimpa alama nzuri. Nilipaswa pia kumsikiliza, lakini alama ni rahisi zaidi kutoa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Wakati ule shule zilitakiwa kufanya kazi za mikono zinazofaa wananchi. Kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Kaniha, sitakitaja jina, kilikuwa kinajenga darasa kubwa la shule ya msingi. Kuta walishasimamisha wenyewe, matofali ya kuchoma. Sisi tukapewa paa. Kila mwanafunzi wangu angetengeneza kenchi moja kwa mkono wake, nayo ndiyo ingekuwa kazi yake ya vitendo ya mwaka, atakayopimiwa na mkaguzi kutoka mkoani kwa kulinganisha na mchoro. Nani anaendelea na ufundi na nani anarudi shambani, sehemu kubwa ilikuwa hapo. Wanafunzi kumi na wanane, kenchi kumi na nane. Mbao zilikuwa za mkaratusi.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mzee Luhende, Msukuma aliyehamia na watu wake miaka ile ya vijiji. Goti lake moja lilikuwa bovu, na bado nilimwona kwa macho yangu akibeba matofali. Ninalisema hili mapema ili baadaye msimwone vibaya. Yeye ndiye aliyetafuta watu wa kuinua kenchi. Nyumba za kijiji ziligawanywa kumi kumi, kila kumi na balozi wake, na kwa bahati, kama ni bahati, mabalozi nao walikuwa kumi na wanane. Basi ikapangwa: kila siku shina moja la nyumba kumi linakuja kuinua kenchi moja. Yao. Watu wa Balozi wa kwanza wainue ya kwanza, wa pili ya pili, hivyo hivyo mpaka mwisho.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na lilipita mlango wa mbele huku likiimbiwa.

Kwa Fundi Yakobo kenchi ya kwanza haipandi. Inalala chini, inakuwa kipimo; zote nyingine zinachorwa juu yake, moja moja, na yenyewe inapanda mwisho kabisa. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Lakini siku ya kwanza wakaja watu wa Balozi wa kwanza, wanaume na wanawake, kamba mabegani, nyimbo tayari. Nikasema hii ibaki chini. Mzee Luhende akanishika mkono akanipeleka kando.

"Mwalimu, hawa wameacha pamba zao. Watarudi nyumbani waseme wameinua nini?"

"Waje siku ya mwisho, Mzee."

"Shina la kwanza lije la mwisho? Ngoja nikawaambie mimi, wewe ukiwaambia watakupiga."

Nikacheka. Halafu nikafikiria: kenchi ya pili tumeshaichora juu ya ya kwanza. Basi ya tatu itachorwa juu ya ya pili. Kuna ubaya gani? Wakainua. Waliimba wimbo wa Kisukuma, mmoja anaita wengi wanaitikia, na ile pembetatu ya mbao mpya ikapanda mawinguni kama kitu kisicho na uzito. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo kikiwa kosa.

Vijana wangu, mnajua kinachofuata, lakini nitawaeleza wale wasiojua. Ukilaza penseli ubavuni mwa ubao ukachora, mstari hauangukii kwenye ukingo wa ubao. Unaangukia nje kidogo, nusu ya unene wa penseli. Halafu mwanafunzi mwaminifu anakata nje ya mstari, asije akapunja. Kwa kenchi moja si kitu. Lakini ya tatu ikaiga ya pili, ya nne ikaiga ya tatu, kila mmoja akimfuata mwenzake kwa uaminifu wote, na kila asubuhi wimbo unapandisha ile iliyokuwa kipimo cha jana. Mikono ya kenchi ikawa inarefuka. Paa likawa linapanda.

Siku ya kenchi ya nane nilifika mapema. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya kijiji, kuta hazionekani, zinaonekana kenchi saba tu zimekaa juu ya weupe. Nilisimama barabarani nikaangalia ncha zao. Nilidhani naona ngazi. Ya kwanza chini, ya pili juu kidogo, ya tatu juu kidogo, zinakwenda kama watu wanaopanda kilima polepole. Nikafumba jicho moja. Nikafumba jingine. Nikajiambia ardhi ina mteremko. Nikajiambia macho yangu ni ya mtu wa darasa la nane. Ukungu ukaondoka, watu wakaja na nyimbo, na mimi nikaingia kazini.

Gervasi alikuwa wa kumi na nane. Alipomaliza kenchi yake alizunguka akapima mkono wake mmoja, akaangalia mchoro, akapima tena. Akaja mbele ya wenzake wote.

"Mwalimu, kenchi yangu imezidi mchoro kiganja kizima."

"Umeiga ya Masanja?"

"Nimeiga ya Masanja barabara. Nadhani hata ya Masanja imezidi. Nadhani tangu huko mwanzo—"

"Gervasi, kaa chini. Paa haliezekwi kwa mdomo."

Wakacheka. Masanja alicheka zaidi, maana alikuwa wa kumi na saba. Gervasi akakaa kwenye gogo, akaweka penseli sikioni. Wakainua.

Wiki ile ile vita ikaja. Tulisikia kwenye redio ya dukani kwamba nduli ameingia Kagera, amevuka mpaka, anachoma. Malori ya jeshi yakaanza kupita kutoka Nyakanazi kwenda kaskazini, taa zinawaka mchana kweupe ndani ya vumbi, na wanafunzi wanapunga mikono mpaka lori la mwisho linakuwa doa. Halafu kutoka huko huko kaskazini wakaanza kuja watu. Kina mama, watoto, wazee, wenye magodoro na kuku. Kijiji kikapewa familia kumi na mbili. Mzee Luhende akasema wakae kwenye darasa jipya, kwa hiyo tukapiga papi, zile mbao nyembamba za kushikia bati, kisha bati zenyewe, kwa siku nne, haraka haraka.

Bati mbili kwa kila mteremko, ya juu inalala juu ya ya chini. Mwanzo wa jengo zililaliana vizuri, shubiri nzima. Lakini urefu wa bati haubadiliki, na mikono ya kenchi ilikuwa inarefuka. Kadiri tulivyokwenda ndivyo bati zilivyokuwa zikiachana, na kwenye kenchi ya kumi na nane zililaliana vidole viwili. Nilishika nyundo nikapigilia. Nimeandika kwenye daftari siku hiyo: *Leo tumemaliza kuezeka, ashukuriwe Mungu.* Sikuandika vidole viwili.

Ikaja barua pia kutoka mkoani. Magari yamechukuliwa kwa vita, mkaguzi hatakuja. Mwalimu apime mwenyewe kila kazi kwa kulinganisha na mchoro, ajaze fomu, kila mwanafunzi aweke sahihi mbele ya vipimo vyake, fomu irudishwe. Iliyozidi kiasi fulani haipiti. Nikapiga hesabu peke yangu. Walioanza watapita. Wa mwisho wataanguka, wote wa mwisho, na wa kwanza kuanguka atakuwa yule aliyesema.

Mvua ya kwanza ilikuwa ndogo, ya upepo. Asubuhi yake nilipofika, mama mmoja wa Kihaya aliyekuwa amelala upande wa mwisho na wajukuu wawili alikuwa anakamua mkeka nje. Tulikuwa tunamwita Ma Koku.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu. Eti wewe ndiye uliyeezeka?"

"Ndiyo, mimi na vijana."

"Mmeezeka au mmeanika?"

Nikasema tutarekebisha. Akanitazama juu mpaka chini. "Huko nilikotoka wamelichoma paa langu. Nilidhani nimeshamaliza habari za mapaa."

Nilimwita Gervasi. Nilimwambia tu alete ngazi na futi. Tulipima kenchi zote, yeye juu mimi chini, anataja naandika. Ya pili imezidi unene wa mstari. Ya tatu mara mbili yake. Hakuna hata moja iliyofanywa vibaya. Ukilinganisha kila moja na jirani yake, ni kazi safi, naiapia mpaka leo. Ukilinganisha na mchoro, ni watu kumi na wanane wameshikana mikono wakipotea njia. Gervasi hakusema "nilikuambia". Ningependa angesema.

Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu. Akasikiliza, akasema yeye ni mtu wa historia, anajua mambo yakishaharibika tu. Kama nataka kuezua nikamwombe mwenye kijiji. Nikaenda kwa Mzee Luhende. Alikuwa nyumbani, anagawa unga kwa orodha.

"Unataka kufanya nini?"

"Kuteremsha kenchi, Mzee. Zote. Kisha tuzikate upya tuzirudishe."

Akaweka kalamu chini. "Nduli ameingia nchini, wewe unaezua paa la wakimbizi. Unajua mtu anayefanya hivyo anaitwaje siku hizi?"

"Najua."

"Nani amekwambia limekosewa? Mkuu wa wilaya alipita akasifu."

Hapo palikuwa pahali pangu pa kusema ukweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Mwanafunzi mmoja ameliona."

"Mwanafunzi! Fundi ni nani sasa?"

Nikatazama unga kwenye meza. Sijui kama nilikuwa naona haya au naogopa, na nisijisingizie jema. Kilichotuokoa ni kwamba Ma Koku alikuwa amenifuata. Hakubisha hodi. Aliingia akaulaza ule mkeka mbichi juu ya meza, juu ya orodha na unga, maji yakaanza kutiririka.

"Mwenyekiti," akasema, "lalia."

Mzee Luhende aliuangalia ule mkeka. Halafu akaugusa kwa kidole. "Siku tatu," akaniambia. "Watakaa kwenye ghala la mazao siku tatu. Ya tatu jua likizama hakuna bati juu, jina lako naliandika mwenyewe nalipeleka wilayani. Usije ukasema Luhende amekusaliti." Na angefanya hivyo, na angekuwa sahihi. Wakati ule watu walishikwa kwa dogo kuliko hilo.

Mashina yote yaliitwa. Kila balozi na watu wake walikuja kuteremsha kenchi yao, wakiwa kimya, wanaume wengine wamevimba kwa hasira. Kwenye ya tatu au ya nne mzee mmoja akashindwa kuvumilia, akaanza kuimba ule ule wimbo wa kuinulia, kwa kuwa hawakuwa na wa kushushia. Wakaitikia. Mbao zikawa zinashuka kutoka mbinguni kwa wimbo wa kupanda, na mimi nimesimama chini nikiongoza kwa mikono, nikijihisi kama mtu anayeota siku ileile kwa kurudi nyuma.

Kenchi ya kwanza tukailaza chini, tukaipigia vigingi vinne isiende popote. Bahati yetu, zote zilikuwa zimezidi. Kama zingepungua tungekuwa tumekwisha. Kila mwanafunzi alileta yake, akailaza juu ya ile moja, akang'oa misumari ya pembe, akakata kilichozidi, akaunga upya. Msumeno ulifuata ndani ya mstari safari hii. Masanja alipokata kipande chake alikiokota, akaenda nacho kwa Gervasi aliyekuwa bado anangoja zamu.

"Shika. Hii ndiyo uliyoiga kwangu."

"Yangu utaniona nayo sasa hivi," akasema Gervasi, na wakacheka wote wawili, nami nikapumua kidogo.

Vile vipande vilivyokatwa watoto wa wakimbizi walivipanga chini kwa urefu, kutoka kile chembamba kama ganda mpaka kile cha kiganja. Walikuwa wanavihesabia mchezo wao. Nilivipita kila nilipokwenda kuchukua misumari, na kila nilipovipita nilikanyaga pembeni.

Siku ya tatu saa tisa alasiri bati ya mwisho ilipigiliwa. Wingu lilikuwa limeshafunga upande wa Nyamigogo. Watu walikuwa wanarudisha magodoro ndani mvua ilipoanguka, siyo ile ya upepo, mvua yenyewe, ile inayopiga bati kama mawe. Tuliingia wote: wanafunzi, mabalozi, kuku, Mzee Luhende na goti lake. Ma Koku alikwenda moja kwa moja upande wa mwisho akakaa chini, akatazama juu, mikono magotini, kama mtu aliye kanisani. Halikudondoka tone. Baada ya muda akajilaza.

Nilitoa fomu. Barua ilitaka irudi wiki ile, na lori la jeshi lingepita kesho yake. Nilikuwa nimeshapima zote na kuandika: tofauti na mchoro, sifuri, sifuri, kwa Gervasi, sifuri. Na zilikuwa sifuri za kweli, nilizipima mara mbili. Fomu ikapita mkono kwa mkono, wanaandikia juu ya mgongo wa mwenzao. Ikafika kwa Gervasi. Aliisoma yote, na chini palikuwa na nafasi iliyoandikwa *Maelezo ya mwalimu*, ambayo nilikuwa nimeiacha tupu.

Hakuweka sahihi. Akanisogelea, akasema kitu. Bati zilikuwa zinanguruma, sikusikia. Akasogea karibu zaidi.

"Mbona siku ile uliniambia nikae chini?"

Ningeweza kusema mengi. Nilikuwa na mengi tayari, nilikuwa nimeyaandaa siku tatu: kwamba hakuomba ruhusa ya kusema, kwamba wananchi walikuwa wanasubiri. Nikafungua mdomo, nikasema polepole, "Kwa sababu nilikuwa nimeona kabla yako."

Akaweka mkono sikioni. "Eti?"

"Nimesema niliona kabla yako."

Akatikisa kichwa. Mvua ilikuwa inameza kila kitu. Nikaona kwamba bado nina nafasi ya kusema jambo jingine kabisa na hakuna atakayejua. Nikavuta pumzi, nikapiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya mto:

"NILIONA KABLA YAKO! ZILIPOKUWA SABA! NILIONA NIKANYAMAZA!"

Hiyo ikasikika. Wenzake wakageuka wote. Mzee Luhende akageuka pale alipokuwa ameegemea ukuta, akaniangalia, na nikaona anairudia ile siku ya unga na orodha kichwani mwake. Akarudisha macho kwenye bati. Alikuwa na haki ya kusema.

Gervasi alimvuta Masanja karibu. Akamwinamisha, akaiweka fomu mgongoni mwake, akaweka sahihi, herufi moja moja. Akanigeuzia karatasi, bila kumwinua Masanja, akanipa ile kalamu, na akaweka kidole chake pale palipoandikwa *Maelezo ya mwalimu*.

"Kidogo kidogo, Mwalimu, mgongo unauma," akasema Masanja.

Niliandika kwamba kazi hii ni ya pili. Kwamba ya kwanza ilizidi mchoro kwa sababu mwalimu aliruhusu kenchi ya kwanza ipandishwe. Kwamba mwalimu aliona kosa kwenye kenchi ya saba akanyamaza. Kwamba mwanafunzi wa kumi na nane alilisema mbele ya wenzake akaambiwa akae. Mwandiko ulikuwa mbaya kwa sababu ya mgongo wa Masanja. Nikaweka sahihi.

Fomu ilikwenda na lori. Alama za vijana wote zilikubaliwa, ya Gervasi pia, na akaendelea na ufundi, akanipita mbali kama ilivyostahili. Kuhusu yale maelezo, hakuna aliyeniuliza. Si mwaka ule, si vita ilipokwisha, si mkaguzi hata mmoja kati ya wale waliokuja baadaye. Kila gari la mkoani lilipoingia geti la shule niliweka randa chini nikanawa mikono, nikijua leo ndiyo leo. Nimestaafu mwezi uliopita, sijaulizwa. Basi nimejibu hapa.